Bunduki ya hewa ya kwanza ya mtoto: tafuta isiyo na nguvu

Wazazi wenzangu hapa Birmingham wakishajua kwamba huwa nasaidia kwenye klabu ya kulenga shabaha, swali la kwanza ni lile lile: "Kaka, kijana wangu anataka bunduki ya hewa. Ipi ina nguvu?" Jibu langu halijabadilika kwa miaka, na nalieleza hapa kwa kirefu kwa sababu dukani ni nadra kulisikia. Tafuta isiyo na nguvu. Tafuta nyepesi, fupi, inayopiga pale inapolengwa, ambayo mtoto mwenyewe anaweza kuikoki, yaani kuiandaa ifyatue, bila kusaidiwa. Kwa mtoto wa miaka 10 au 12, nguvu si sifa ya kutafutwa. Ni kitu cha kuepukwa.

Lakini hata kabla ya kufika dukani kuna jambo ambalo wazazi wengi hulisikia kwangu kwa mara ya kwanza. Kwa sheria ya England na Wales, ni kosa kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18 bunduki ya hewa, na ni kosa vilevile kumpa kama zawadi. Kwa hiyo ile mnayoiita bunduki ya mtoto ni yako wewe mzazi. Yeye huitumia tu. Akiwa chini ya miaka 14 lazima awe chini ya uangalizi wa mtu aliyetimiza miaka 21. Kuanzia 14 hadi 17 anaweza kuitumia peke yake, ila kwenye ardhi ya mtu binafsi na kwa ruhusa ya mwenyewe. Ukiwa Scotland mambo ni mengine: tangu tarehe 31 Desemba 2016 bunduki ya hewa huko inahitaji cheti. Ireland ya Kaskazini nayo ni kali zaidi.

Sheria inakudai pia uchukue hatua za maana kuzuia aliye chini ya miaka 18 asiifikie bila wewe kujua. Juu ya kabati la nguo hapatoshi. Mtoto anajua kila kilichopo juu ya kabati la nguo. Weka bunduki ndani ya sanduku lenye kufuli, risasi ziwe mahali pengine, na ufunguo ukae nawe. Wapo watoto waliokufa nchi hii kwa bunduki za hewa, wengine wakiwa na marafiki zao tu, wakichezea kitu walichodhani hakina risasi. Kwa hiyo anaponiambia mtu kwamba hii "ni ya kuchezea tu," huwa namwomba tukae chini tuzungumze kwanza.

Sasa hiyo nguvu. England na Wales huruhusu bunduki ya hewa isiyozidi futi-pauni 12 bila cheti, yaani kama jouli 16 za nguvu ya risasi ikitoka mtutuni. Wauzaji wanalijua hilo, na wanunuzi nao hutaka kufika kikomo, kama kwamba kisichofika huko ni pungufu. Tazama basi wanavyofanya walio bora duniani. Mashindano ya bunduki ya hewa ya mita 10 yameingia Olimpiki tangu Los Angeles 1984, na bunduki zinazotumika huko huwa na jouli kama 7.5, chini ya nusu ya kikomo chetu. Alama ya 10 wanayoilenga ni kinukta cha nusu milimita. Mwaka 2024, katika Michezo ya Paris, medali ya dhahabu ya wanawake ilichukuliwa na Ban Hyo-jin wa Korea Kusini, msichana wa miaka 16, na aliyemfuata, Huang Yuting wa China, alikuwa na miaka 17. Hakuna mwenye akili atakayesema bunduki zao ni dhaifu mno kwa mtoto wako wa miaka 11.

Nguvu ina gharama, na kwenye bunduki ya springi, ile inayokokiwa kwa kukunja mtutu wake, gharama hiyo hulipwa na mwili wa mtoto. Bunduki ya springi ya nguvu kamili huhitaji msukumo wa kilo kama 15 ili ikoke, na yenyewe huwa na uzito wa zaidi ya kilo 3. Zipo zinazokaribia 4. Mpe mtoto uone. Anainyanyua, mgongo unapinda nyuma, kiuno kinatoka mbele, mtutu unayumba, na baada ya risasi chache amechoka na anaanza kuvuta triga ili tu amalize. Kwenye kukoki ndiko nina wasiwasi zaidi. Mtoto asiye na nguvu za kutosha hukunja mtutu hadi nusu, mkono unateleza, na mtutu unarudi kwa kishindo. Kanuni ninayoifundisha kabla ya nyingine ni hii: ukishaukunja mtutu usiuachie, mkono mmoja uendelee kuushika wakati mwingine unaweka risasi, hadi umeurudisha na umefunga. Hawezi kuitimiza kanuni hiyo kama bunduki inamshinda nguvu.

Kipimo cha urefu ni rahisi na hakigharimu chochote. Hakikisha kwanza bunduki haina kitu ndani. Mwambie mtoto akunje kiwiko kama herufi L, ulaze kitako cha bunduki kwenye kiwiko upande wa ndani, halafu uone kama kidole chake cha shahada kinaifikia triga bila kunyoosha mkono. Kikifika, inamfaa. Kisipofika, ni ndefu, hata muuzaji akikuambia atakua. Atakua, ndiyo, lakini akifika huko atakuwa amekwishazoea kulenga akiwa amejikunja vibaya, na mazoea hayo huchukua muda mrefu kuyatoa.

Na macho. Hili nalitilia mkazo kwa sababu linawahusu watoto wetu kwa namna ya pekee. Kila mtu ana jicho linalotawala, na si lazima liwe upande wa mkono anaoandikia. Mwambie anyooshe mikono yote miwili, aviunganishe viganja aache kitundu kidogo katikati, akitazame kitu cha mbali kupitia kitundu hicho, kisha afumbe jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona kitu ndilo la kulengea. Ikiwa ni la kushoto, bunduki iende bega la kushoto. Najua wengi wetu tulilelewa kwenye nyumba ambazo mkono wa kushoto ulikuwa wa kukatazwa, na bado kuna mababu wanaowarekebisha wajukuu kwenye simu ya video. Kwenye kulenga shabaha naomba tusilifanye hilo. Mtoto anayelazimishwa bega lisilo lake atakosa, atajiona hana kipaji, na ataacha. Nunua bunduki yenye kitako kisichopendelea upande wowote, na umwache achague.

Aina je? Wengi watakuuliza springi au mtungi. Ya springi inafanya kazi hivi: ukikunja mtutu, springi hujibana nyuma ya pistoni; ukivuta triga, pistoni huruka mbele, huibana hewa, na hewa huisukuma risasi. Haina pampu ya pembeni wala kitu cha kujaza. Ubaya wake ni mtikisiko. Pistoni ikiruka mbele bunduki hurudi nyuma, na pistoni ikifika mwisho bunduki husukumwa mbele, na risasi ndiyo kwanza iko njiani. Ndiyo maana bunduki ya springi haitaki kukabwa. Inataka kupumzishwa juu ya kiganja kilicholegea, ijitikise inavyotaka, kila safari kwa namna ile ile. Na isifyatuliwe kamwe bila risasi ndani, kwa sababu pistoni itagonga bila kitu cha kuipunguza kasi. Mtikisiko huo huo huharibu darubini zisizotengenezwa kwa ajili ya springi, hata zile zinazovumilia bunduki za baruti. Kwa hiyo aanze bila darubini, kwa vilengeo vya chuma vilivyokuja na bunduki. Atajifunza kuvipanga, na makosa yake atayaona waziwazi kwenye karatasi.

Za mtungi zina chupa ya hewa iliyobanwa, nayo hujazwa hadi karibu bar 200, ilhali tairi la gari dogo lina bar 2 na ushee. Hazitikisiki, hupiga sawasawa, na nyingine ni nyepesi sana. Air Arms S200 iko chini ya kilo 3 na klabu nyingi hapa huipenda kwa sababu hiyo. Sina ugomvi nazo. Ila nyumbani zinahitaji mtungi wa kujazia au pampu ya mkono ambayo mtoto haiwezi, na zile zenye magazini ya risasi 10 zinamshawishi mtoto apige haraka haraka. Springi inamlazimisha kusimama baada ya kila risasi, kukoki, kuweka nyingine na kupumua. Naona hapo ndipo mafunzo yalipo, na ndiyo sababu naipendekeza. Za vichupa vya gesi ya kaboni naziruka: baridi ya huku inazibadilisha nguvu, na vichupa vinakwisha upesi.

Nikibanwa nitaje moja, nitataja Weihrauch HW30S ya milimita 4.5, huo ukiwa upana wa risasi yake. Ina uzito wa kama kilo 2 na nusu, kukoki kwake ni kwepesi, na triga yake ni nzuri kuliko za bunduki nyingi zilizo ghali zaidi. Inatoka Ujerumani, ambako kinachouzwa bila kibali ni kile kisichozidi jouli 7.5, na nadhani hilo limewasaidia: pale ambapo huwezi kushindana kwa nguvu, unashindana kwa ubora. Mwenye mfuko mdogo zaidi atafute BSA Meteor iliyotumika. Hizo zilianza kutengenezwa mwaka 1959, hapa hapa Birmingham, Small Heath, mtaa ambao leo baadhi yetu huenda kununua nyama halali. Kama ni ya kutumika, ushike mtutu uone kama unacheza kwenye bawaba, uikoki uangalie kama inashika imara, na umwombe mwenyewe aifyatue mbele yako ikiwa na risasi. Moshi mwingi na harufu ya mafuta yaliyoungua ni dalili mbaya.

Milimita 4.5 au 5.5? 4.5. Ndiyo ya mashindano dunia nzima, risasi zake huwa na bei ya chini, na kwa nguvu ndogo huenda moja kwa moja zaidi. Wanaopendelea 5.5 wengi wao ni wawindaji, na mtoto wako si mwindaji.

Hapo ndipo panapogusa mazoea yetu. Wengi wetu tulikua na manati. Tulipiga tetere, tulipiga shorewanda, na hakuna mtu mzima aliyetuuliza. Nimesikia baba akimwambia mwanawe kwenye bustani, kwa furaha kabisa, "Mwanangu, hebu mpige yule njiwa nione." Tafadhali usifanye hivyo. Tangu sheria ya mwaka 1981 ndege wote wa porini wa nchi hii wanalindwa, na ruhusa chache zilizopo kwa ndege waharibifu zina masharti yake. Zaidi ya sheria, bunduki dhaifu ninayoisifu hapa haimuui mnyama. Inamjeruhi na kumwacha afe polepole. Mtoto apige karatasi, makopo na vibao vya chuma vinavyoanguka, na vyatosha kumfurahisha kwa miaka.

Bustani yenyewe nayo nina maneno nayo. Risasi ikivuka mpaka wa eneo lenu bila ruhusa ya jirani ni kosa, na bustani za nyumba zilizoungana ni nyembamba. Lakini nisiseme kwa kuzunguka: jirani akimwona kijana mweusi ameshika bunduki nyuma ya nyumba, anaweza kupiga 999, namba ya dharura, na polisi watakaokuja watakuwa na silaha. Sipendi kuandika sentensi hiyo, ila mzazi anayenunua bila kuifikiria hajamaliza kufikiria. Ndiyo maana nasema klabu kwanza. Kuna klabu zilizo chini ya NSRA, chama cha kitaifa cha kulenga shabaha, Maskauti nao huwafundisha watoto kulenga kwa idhini ya wazazi, na huko mtoto hushika bunduki kadhaa za klabu kabla hujatoa hata pauni moja. Baada ya miezi michache utaona mwenyewe kama anaelekeza mtutu upande salama bila kukumbushwa. Kama bado anakumbushwa, usinunue, hata kama rafiki zake wanazo. Barabarani bunduki ibebwe na wewe, ndani ya begi lililofungwa, bila risasi. Na usifikirie kuipeleka likizo Mombasa au Dar kwa ajili ya binamu zake. Kenya na Tanzania zina sheria zao za silaha, na kilicho halali hapa kinaweza kukufikisha mahakamani kule.

Fedha iliyobaki baada ya kununua ndogo badala ya kubwa ina kazi. Miwani ya kulinda macho, yako na yake. Sanduku la kushikia risasi nyuma ya shabaha, la chuma, lenye mdomo mpana. Risasi ziwe zenye kiuno chembamba katikati, za madini laini ya risasi, si zile gololi za chuma ambazo zikigonga kitu kigumu hurudi zilikotoka. Kwa kuwa ni madini hayo, anawe mikono kabla ya kugusa chakula, kila mara. Nunua makopo ya aina mbili tatu tofauti, kwa sababu kila mtutu una risasi unayoipenda na huwezi kuijua kwa kusoma kopo. Mkalishe mezani, bunduki juu ya mfuko wa mchanga, karatasi mita 10 mbele, apige tano tano kwa kila aina. Ile itakayokusanya matundu karibu karibu ndiyo yenu, hata kama ndiyo ya bei ndogo kuliko zote.