Mlenda Usiovuta

Mke wangu alinipigia simu akiwa kwenye daladala: baba anakuja Jumamosi kutoka Dodoma, analeta kanga. Nikauliza, "Mbili?" Akasema, "Wawili," simu ikakatika. Mwenye akili angeishika ile ngeli. Mimi nilikaa siku tatu nikijua mama watoto analetewa doti, mpaka baba mkwe aliposhuka kwenye basi na tenga linalopiga kelele stendi nzima.

Kanga hata akifugwa hajui kama amefugwa. Mmoja alichomoka akalala juu ya mwembe wa jirani, tukampata alfajiri kwa msaada wa vijana watatu na elfu tano.

Mke wangu siku hiyo alikuwa na zamu, nikajitutumua: leo napika mimi. Nyama ya kanga haina mafuta. Ukimtupa mkaani hivi hivi, kidari kinakauka mpaka mtu anameza kwa maji. Kwa hiyo nikawachemsha kwanza kwa tangawizi na kitunguu saumu, ndipo nikawapeleka jikoni kwenye mkaa, na pembeni nikaanza rosti yangu ya ukwaju ya kuwapakaza: ukwaju, sukari guru, pilipili mbuzi na ile supu yao.

Nafungua kopo la ukwaju, zimebaki kokwa. Watoto walishatengeneza juisi. Sukari guru nayo hakuna.

Sikutetereka. Nikaloweka rozela kwenye maji ya moto, ikatoa wekundu na ukali wa kukunja uso. Nikatia asali badala ya sukari guru. Nikaonja. Jamani, ilikuwa tamu! Ningeishia hapo, leo ningekuwa naheshimika ukweni.

Ila ilikuwa nyepesi, inateleza kwenye ngozi ya kanga na kuzima mkaa. Inataka konflawa. Juu ya kabati kulikuwa na kopo la zamani la siagi, ndani unga mweupe laini. Nikachota vijiko vitatu vya kujaa.

Sufuria ikasema *fyuuu*. Povu likapanda kama omo, likavuka ukingo, likaingia kwenye jiko. Nikapuliza, nikakoroga, nikasoma dua nilizozikumbuka. Povu lilipotulia, ule wekundu ulikuwa umehama. Palibaki uji wa kijani kilichokufa. Nikakamulia limau kurudisha ukali, povu likapanda upya. Nikaliacha limau.

Nikalamba ule unga kwenye kidole. Ulimi ukashikwa na ladha ya sabuni. Magadi! Magadi ya mzee mwenyewe, aliyombebea binti yake kwa ajili ya mlenda, na binti akayamimina humo asubuhi bila kumwambia mtu. Na mimi nimeyakutanisha na rozela, kitu kichachu kupindukia.

Mlangoni mzee anakohoa kile kikohozi cha wakwe cha kuulizia chakula. Kanga nikawatenga vikavu, na bakuli la uji wa kijani nikalisukuma nyuma ya jagi la maji. Mke wangu akaingia kutoka kazini, akiwa bado na sare, akaliona, akalivuta katikati ya meza kwa ukarimu.

"Karibu, baba."

Mzee akakata tonge la ugali, akachovya, akaliinua juu taratibu, akisubiri uzi. Hakuna uzi. Akachovya tena, akainua juu zaidi, mpaka usawa wa paji la uso. Akala. Akatafuna kwa muda mrefu kuliko ugali unavyohitaji.

"Mkwe," akasema kwa upole, "magadi yamekolea. Lakini mlenda wenu wa Dar mbona hauvuti?"

Mke wangu akanitazama. Akatazama kopo juu ya kabati, kifuniko kikiwa pembeni.

Nikasema, "Ni maji ya huku, baba."