Programu iliyothibitishwa kihisabati: imethibitishwa nini hasa?

Oktoba 2017 Mathy Vanhoef, mtafiti wa chuo kikuu cha KU Leuven nchini Ubelgiji, alitangaza kwamba WPA2, itifaki (kanuni za mawasiliano) iliyokuwa ikilinda karibu kila Wi-Fi duniani, inashambulika. Kilichowauma wataalamu zaidi ni mahali penyewe palipopigwa: yale mawasiliano ya hatua nne ambayo simu na ruta hukubaliana ufunguo wa siri. Sehemu hiyo ilikuwa imeshathibitishwa kihisabati kuwa salama.

Uthibitisho huo haukuwa na kosa. Ulisema ufunguo hautavuja, na kweli haukuvuja. Alichofanya Vanhoef ni kuileta tena hatua ya tatu, ili simu iusimike upya ufunguo uleule ambao tayari inautumia. Ikishafanya hivyo, kihesabu cha pakiti, yaani vipande vya data vinavyotumwa, kinarudi mwanzo, na data mpya inafichwa kwa namba zilezile zilizokwisha kutumika. Mshambuliaji akizipata pakiti mbili za aina hiyo anaanza kulinganisha na kufumbua. Swali la lini ufunguo usimikwe, na mara ngapi, halikuwemo katika yale yaliyothibitishwa.

Tangu hapo kisa hiki kimekuwa rungu la wanaoona uhakiki rasmi ni anasa ya maprofesa. Kazi yenyewe ni hii: badala ya kuijaribu programu kwa mifano, unaandika kwa lugha ya hisabati inachopaswa kufanya, kisha unathibitisha, ukisaidiwa na kompyuta, kwamba inakifanya katika kila hali. Wapinzani wanauliza, kama umeandika nusu ya inachopaswa kufanya, umethibitisha nini?

Wana hoja nyingine, ya gharama. Mwaka 2009 watafiti wa Sydney, Australia, walikamilisha uthibitisho wa seL4, kiini kidogo cha mfumo endeshi chenye mistari 8,700 hivi ya lugha ya C. Uthibitisho wake ulifika mistari 200,000. Ukijumlisha na zana walizolazimika kuzitengeneza njiani, ni kazi ambayo mtu mmoja angeifanya kwa miaka 20 hivi. Na bado uthibitisho ule wa kwanza uliichukulia kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, na chipu kuwa hazina kosa. Kampuni gani ya programu za simu italipa gharama hiyo?

Lakini kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na wanaosema majaribio yanatosha hawapendi kukumbushwa mwaka 1994. Profesa wa hisabati wa Virginia, Thomas Nicely, aligundua kwamba chipu ya Pentium inakosea baadhi ya hesabu za kugawanya. Jedwali lililotumika ndani ya chipu lilikuwa limekosa thamani 5. Kwa makadirio ya Intel, ukigawanya namba za kubahatisha utakutana na kosa mara 1 katika bilioni 9, ndiyo maana majaribio hayakulinasa. Hasara ilikuwa dola milioni 475, na baada ya hapo Intel iliwekeza kwa dhati katika kuthibitisha hesabu za chipu zake.

Ushahidi unaonishawishi zaidi ni wa 2011. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah waliandika zana ya kutunga programu za kubahatisha na kuzilisha kompaila za C. Waliripoti makosa zaidi ya 325, yakiwemo ya GCC na LLVM zinazotumiwa na kila mtu. Kwa CompCert, kompaila ya Kifaransa iliyothibitishwa, makosa waliyoyapata yalikuwa katika sehemu ambazo uthibitisho haukuzigusa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walichunguza mifumo 3 ya seva nyingi iliyothibitishwa, wakapata makosa 16. Hakuna hata moja lililokuwa ndani ya itifaki zenyewe. Yalijazana pembezoni: kwenye maelezo ya kinachotakiwa, kwenye zana, na pale mfumo unapokutana na mtandao au diski.

Kwangu hilo ni jambo kubwa. Uthibitisho haufuti makosa yote, ila unayafukuza hadi maeneo machache yanayojulikana. Atakayekuja kukagua anajua aanzie wapi.

Mjadala huu pia husahau kwamba ipo njia nyepesi. Wahandisi wa Amazon waliandika muundo wa DynamoDB, hifadhidata yao, kwa TLA+, lugha ya kuelezea mifumo kihisabati, wakaiacha kompyuta ipitie hali zote zinazowezekana. Ilitoa kosa la kupoteza data ambalo linahitaji hatua 35 zifuatane kwa mpangilio maalumu. Sioni mjaribu wa kuliwazia hilo.

Kwetu, fikiria pesa za simu. Unatuma, salio la mtumaji linapungua, mtandao unakatika kabla jibu halijarudi, simu inatuma ombi tena. Masharti ya kuandika ni mawili: jumla ya akaunti zote pamoja na pesa zilizo njiani isibadilike kamwe, na ombi moja lisikate pesa zaidi ya mara moja. Ukiweka akaunti 3 na ruhusa ya ujumbe kupotea au kujirudia, zana itakuonyesha hatua kwa hatua pale ambapo pesa inakatwa mara mbili. Haihitaji miaka 20, na wala haigusi msimbo. Kwa hiyo mwandishi wa msimbo bado anaweza kukosea, na majaribio yanabaki palepale.

Kwa hiyo kiini cha mfumo endeshi, kompaila, breki za treni na chipu vilipiwe uthibitisho kamili. Miamala ya fedha ipate angalau huo wa muundo. Programu ya kuagizia chakula iendelee na majaribio yake, jamani. Na anayekuuzia kitu "kilichothibitishwa" akupe karatasi mbili: ya kilichothibitishwa, na ya kilichochukuliwa kuwa kweli bila kuthibitishwa. Hiyo ya pili uisome kwanza.