Shule ya Kikristo: Mtaala Unasema Nini, na Mbinu Inasema Nini

Mjadala kuhusu shule za Kikristo huanzia kwenye orodha: masomo gani yanafundishwa, Biblia ina vipindi vingapi kwa wiki, vitabu vimeandikwa na nani, na somo la sayansi linasema nini kuhusu asili ya ulimwengu. Ni maswali ya haki, na mzazi anayelipa karo ana sababu zote za kuyauliza. Hata hivyo yanaacha kando jambo ambalo, kwa maoni yangu, lina nguvu kuliko orodha yoyote, nalo ni namna mtoto anavyofundishwa. Mtoto anayeambiwa asubuhi kwamba ameumbwa kwa mfano wa Mungu, kisha akashinda siku nzima bila mtu yeyote kutaka kujua anafikiri nini, amefundishwa mambo mawili yanayopingana, na lile la pili ndilo litakalomkaa zaidi.

Kwa upande wa mtaala, shule hizi huelekea njia moja kati ya mbili. Zipo zinazochukua mtaala wa serikali kama ulivyo, zikauongezea kipindi cha Biblia, ibada ya asubuhi na walimu wenye mwenendo wa Kikristo. Zipo pia zinazodai kwamba imani ipenye kila somo, kwa kuwa hakuna sehemu ya maisha iliyo nje ya utawala wa Kristo. Dai hili la pili lilipata mtetezi mashuhuri katika Abraham Kuyper, mchungaji na mwanasiasa wa Uholanzi aliyeanzisha Chuo Kikuu Huru cha Amsterdam mwaka 1880, na ambaye harakati zake zilisaidia kuandaa njia ya marekebisho ya katiba ya 1917 yaliyozipa shule za kidini za nchi hiyo haki ya kugharimiwa na umma sawa na shule za serikali.

Njia ya kwanza ina unyofu wake. Haijifanyi kwamba kuna hesabu za Kikristo na hesabu za wapagani, humwandaa mwanafunzi kwa mitihani ile ile inayowakabili wenzake, na haimfungii mlango anapohamia shule nyingine. Udhaifu wake ni kwamba imani hubaki kama chumba cha wageni: safi, kimepambwa, na hakuna anayeishi humo. Njia ya pili inaliona tatizo hilo vizuri, lakini mara nyingi hulitatua kwa urembo wa juujuu. Swali linalomtaka mwanafunzi azidishe mikate na samaki badala ya kalamu na vitabu halijawa la Kikristo. Ni kuzidisha kule kule.

Imani hupenya somo kwa kina pale somo lenyewe linapoifikia dhamiri, na historia ni mfano ulio wazi. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, na Wakristo kama mbunge William Wilberforce walikuwa mstari wa mbele katika mapambano hayo. Lakini wapo Wakristo waliokuwa wakiimiliki mizigo ya meli hizo, na wapo waliosimama mimbarani kuutetea utumwa kwa maandiko. Shule inayofundisha nusu ya kwanza pekee inalinda sifa ya kanisa kwa gharama ya ukweli. Shule inayofundisha zote mbili, kisha ikawauliza wanafunzi ilikuwaje watu waliosoma Biblia moja wakafika mahali tofauti namna hiyo, imefanya kazi ambayo kipindi cha Biblia peke yake kisingeifanya.

Hapo tunaingia kwenye mbinu, na jambo la kwanza linaloshambuliwa katika shule za Kikristo ni kukariri. Wakosoaji wanasema watoto wanageuzwa kasuku: wanataja mistari, amri kumi na majibu ya katekisimu bila kuelewa neno. Lawama hiyo ina ukweli, lakini inapita kiasi. Utaratibu wa maswali na majibu, kama ule wa Katekisimu Ndogo ya Martin Luther ya 1529 au Katekisimu ya Heidelberg ya 1563 yenye maswali 129, haukubuniwa ili kuzuia fikra. Katika dibaji yake Luther aliagiza kwamba watoto wakishayashika maneno wafundishwe maana yake, ili wajue wanachokisema. Utafiti wa kisasa kuhusu kumbukumbu nao unaupa utaratibu huo heshima ambayo wengi hawakuitarajia: mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko wale waliokisoma tena na tena, ingawa dakika chache baada ya kusoma hali ilikuwa kinyume. Swali linalomdai mtoto alitafute jibu akilini mwake, basi, ni chombo kizuri. Kosa ni kukomea hapo, kuyashika maneno na kuahirisha maana hadi siku isiyofika.

Wafuasi wa elimu ya kale ya Kikristo, waliovutiwa na hotuba ya mwandishi Dorothy Sayers huko Oxford mwaka 1947, wanatetea hatua tatu: utotoni kumbukumbu, katikati hoja, na mwishoni ufasaha wa kujieleza. Mpango huo una mantiki, na naupenda kwa jinsi unavyothamini lugha na mjadala. Lakini Sayers mwenyewe alikiri kwamba uzoefu wake wa kufundisha ulikuwa mdogo sana, na yeyote aliyewahi kukaa na mtoto wa miaka minne anajua kwamba “kwa nini” huja mapema mno kuliko hatua ya pili. Kumwambia asubiri miaka sita ndipo aruhusiwe kuhoji ni kumfundisha kwamba maswali ni utovu wa adabu.

Mbinu ninayoona inahitaji kupimwa kwa uangalifu zaidi ni ile ya vijitabu vya kujisomea. Mfano wake unaojulikana zaidi ni Accelerated Christian Education, mfumo ulioanzishwa Texas, Marekani, mwaka 1970 na Donald Howard na mkewe Esther, na ambao umeenea katika nchi nyingi. Mtoto hupimwa kwanza ili mapengo yake yajulikane, kisha hupewa vijitabu, kwa kawaida 12 kwa kila somo kwa mwaka. Huketi kwenye meza iliyokingwa kwa mbao kushoto na kulia, husoma peke yake, hujaza nafasi zilizoachwa wazi, hujisahihisha kwa ufunguo wa majibu, na akikwama husimamisha bendera ndogo hadi msimamizi amfikie. Ili aendelee na kijitabu kinachofuata, kwa kawaida anatakiwa kupata angalau asilimia 80 katika jaribio.

Wanaoudharau mfumo huu wasisahau unachokitatua. Katika darasa la kawaida mtoto asiyeelewa hesabu za sehemu, kama nusu na robo, huburutwa pamoja na wenzake hadi kwenye desimali, na pengo lake huzidi kupanuka kila muhula. Hapa habebwi hadi ameelewa, na hakuna anayemcheka kwa kuwa hakuna anayejua yuko kijitabu cha ngapi. Mwepesi naye hazuiwi. Kanisa dogo lisiloweza kuajiri mwalimu wa kila somo linaweza kufungua shule, na familia inayohamahama kwa ajili ya utumishi hubeba shule yake mkobani. Kujisahihisha pia ni mazoezi ya uaminifu, kwa sababu ufunguo wa majibu uko wazi mbele ya mtoto.

Pamoja na hayo yote, bado siwezi kuupendekeza kama njia kuu ya kufundishia. Nafasi iliyoachwa wazi hudai neno moja, na neno hilo limekwisha kuamuliwa. Mtoto anayejaza maelfu ya nafasi hizo hujifunza kwamba elimu ni kubahatisha kilichokuwa kichwani mwa mwandishi. Hajifunzi kujenga hoja ya aya tatu, wala kusikiliza hoja ya mwenzake na kuijibu kwa heshima. Msimamizi anayepita kati ya meza si lazima awe na ujuzi wa fizikia au fasihi, na swali lisilokuwa na jibu kijitabuni halina pa kwenda. Sababu yangu kubwa zaidi ni ya kiimani. Ukristo umesimama juu ya habari kwamba Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu, na ni vigumu kuoanisha habari hiyo na darasa ambamo mtoto hutumia sehemu kubwa ya siku akitazama ubao wa mbao badala ya uso wa mtu.

Historia nayo ina neno hapa. Katika Ufaransa ya mwishoni mwa karne ya 17, desturi ya shule nyingi za watoto wadogo ilikuwa mwalimu kumwita mtoto mmoja mmoja huku wengine wakingoja. Jean-Baptiste de La Salle na ndugu wa shirika lake la kidini waliwapanga watoto wa maskini katika madarasa kulingana na kiwango chao, wakawafundisha kwa pamoja, na wakaanza kusomesha kwa Kifaransa badala ya Kilatini. Karibu wakati huo huo Ulaya ilikuwa ikitumia kitabu cha picha alichokichapisha John Amos Comenius mwaka 1658 kwa imani kwamba mtoto aone kitu kwanza ndipo apewe jina lake. Comenius alikuwa askofu, na La Salle alikuwa padri. Wanaodhani kwamba darasa lenye mazungumzo, picha na lugha ya mtoto ni mtindo ulioletwa na wasioamini wanawanyang'anya wazee wao wenyewe urithi.

Maandiko yenyewe yanaonyesha mwelekeo. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inaagiza mzazi ayanene maneno ya Mungu “uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani”, na aya chache baadaye inamtarajia mtoto aulize maana ya amri hizo, na mzazi amjibu kwa kumsimulia. Luka anamwonyesha Yesu wa miaka 12 hekaluni akiwasikiliza walimu na kuwauliza maswali. Mwanasheria alipomuuliza jambo, Yesu alimrudishia swali, “Imeandikwa nini katika torati? Wasomaje?”, akampa kisa cha Msamaria, kisha akamwachia yeye mwenyewe atamke jibu. Kumbukumbu ya maandiko ilikuwepo, maana mwanasheria aliyataja bila kusita. Mazungumzo yalianza baada ya hapo.

Sayansi ndiyo sehemu yenye joto zaidi. Wazazi wengi hawagombani na mabaki ya viumbe wa kale. Wanachohofia ni kwamba nadharia ya mageuko, yaani kwamba viumbe hai hubadilika taratibu kizazi hadi kizazi, itafundishwa ikiwa imefungamanishwa na tamko kwamba Mungu hayupo. Hofu hiyo si upuuzi, kwa kuwa wapo waandishi wanaoyafungamanisha mambo hayo mawili bila kuwaambia wasomaji kwamba la pili ni falsafa na si matokeo ya maabara. Lakini dawa yake ni kuyatenganisha mbele ya mwanafunzi. Kumficha la kwanza, au kumwonyesha kikaragosi chake chepesi kuangushwa, ni kumwandalia mshtuko. Siku moja atasikia, kutoka kwa mtu anayeijua nadharia hiyo vizuri, kwamba vipimo vinaupa umri wa dunia takribani miaka bilioni 4.5, na kwa nini wanabiolojia karibu wote wanaikubali nadharia yenyewe. Na akigundua kwamba shule yake ilimdanganya kuhusu mwamba, hatakuwa na sababu ya kuiamini kuhusu kaburi tupu. Augustino, askofu na mwanatheolojia wa kanisa la kale, aliwaonya Wakristo zaidi ya miaka 1,600 iliyopita wasiseme ovyo kuhusu mbingu na nyota mbele ya wasioamini wanaozijua.

Zipo shule zinazoshikilia kwamba siku sita za Mwanzo ni siku za saa 24, na zina haki ya kuufafanua usomaji wao katika kipindi cha Biblia. Wanafunzi wake hata hivyo wanastahili kujua kwamba Gregor Mendel, mwanzilishi wa elimu ya urithi wa viumbe aliyechapisha majaribio yake ya njegere mwaka 1866, alikuwa mtawa. Kwamba Georges Lemaître, aliyependekeza kupanuka kwa ulimwengu mwaka 1927, alikuwa padri. Na kwamba Papa Yohane Paulo wa Pili alisema mwaka 1996 kuwa nadharia ya mageuko ni zaidi ya dhana tu. Wakiyajua hayo, wataona kwamba ubishi wenyewe unaendelea ndani ya nyumba ya imani.

Kuhusu walimu nitasema kwa ufupi: uchaji haufidii ukosefu wa mafunzo ya ualimu, wala cheti hakifidii ukosefu wa upendo, na shule inayolazimika kuchagua kimoja imekwisha kukosea mahali fulani katika bajeti yake.

Limebaki suala la alama. Tamko la Haki za Binadamu la 1948 linawapa wazazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wao, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unamhakikishia mtoto uhuru wa mawazo, dhamiri na dini huku wazazi wakimwongoza kadiri anavyokua. Shule ya Kikristo inasimama mahali haki hizo mbili zinapokutana, na ripoti ya mwisho wa muhula ndiyo inayoonyesha kama imelielewa hilo. Mwanafunzi anaweza kupewa alama kwa kujua safari za Paulo, kwa kulinganisha injili mbili, au kwa kueleza sawasawa hoja asiyokubaliana nayo. Shule inayompa alama kwa “maendeleo ya kiroho” humfundisha kuandika kile mwalimu anachotaka kusoma, na mtoto mwerevu huijua kazi hiyo ndani ya muhula mmoja. Safu hiyo ikifutwa, mwalimu anayetaka kujua mtoto anaamini nini atalazimika kuketi naye, amuulize, na awe tayari kusikia jibu ambalo hakulitarajia.