Fundi umeme anaulizia njia kwa bodaboda

Jumanne usiku umeme umekatika kwetu, ila sio kwa wote. Nyumba tatu giza, jirani wa mbele anaangalia mpira kama kawaida. Aliyekaa uswahilini anajua hapo fezi moja imeondoka, yaani waya mmoja kati ya mitatu inayogawa umeme kutoka transfoma. Napiga simu ya dharura naulizwa, "Nguzo namba ngapi kaka? Transfoma ipi?" Yaani mimi ndo nijue! Gari limefika saa sita, fundi anawauliza vijana wa boda transfoma yetu iko wapi, akapanda nguzo, siyo, akashuka, akapanda nyingine. Kumbe fyuzi tu. Kazi dakika kumi, kuitafuta masaa mawili. Zamani kulikuwa na mzee mmoja ramani yote anayo kichwani, kastaafu kaondoka nayo.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ipo. Mita janja inapima volti kila nusu saa au robo saa halafu inatuma yenyewe. Sasa nyumba zilizo fezi moja ya transfoma moja volti zao zinapanda na kushuka pamoja, fundi geti akiwasha mashine yake ya kuchomelea, ile volti 230 inashuka kwake na kwa jirani zake wa fezi hiyo, wa fezi nyingine hata hastuki. Linganisha hizo namba wiki kadhaa tu kompyuta inakuchorea nani kaning'inia wapi, bila mtu kupanda nguzo. Na vishoka je, wanaounganisha umeme wa wizi? Jumlisha mita zote za transfoma, toa unaopotelea kwenye waya, linganisha na uliotoka pale juu, pengo lililobaki kuna mtu analila. Ila utajumlisha nini kama hujui nani yuko transfoma ipi?

Italia walianza kufunga mita za kuongea 2001, zinatuma habari kupitia waya uleule wa umeme mpaka kwenye transfoma. Sisi 2024 tulisimama ukutani na tochi ya simu tunabonyeza tarakimu 20 mara tatu kuhuisha mita za LUKU, ukikosea ya mwisho unaanza upya, hongera zetu.

Haya, ni ghali, najua. Na mita hiyo inajua umelala saa ngapi, hilo nakubali kwa shingo upande, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 tunayo, itumike basi.

Kwa sasa nyuma ya mlango wa jikoni nimeandika kwa maka peni: nguzo ya tatu toka kwa muuza mkaa, fezi ya njano. Jana jirani kaja kupiga picha.