Sensa za mitetemo kwenye mitambo ya upepo: tuziamini mpaka wapi?

Kuna hoja inapendwa sana siku hizi, kwamba kila mtambo wa upepo ufungwe sensa za mitetemo, yaani vifaa vya kupima mtikisiko, toka chini ya mnara mpaka kwenye mapanga, kompyuta ikae inasikiliza usiku na mchana, halafu habari ya mafundi kupanda juu kila baada ya miezi kadhaa kukagua boliti iishe. Mi nakubaliana nayo nusu. Hiyo nusu nyingine inanipa hofu kwa sababu inagusa usalama wa watu.

Chukua shamba la mitambo ya upepo la Loiyangalani, Marsabit, Kenya. Mitambo 365, kila mmoja kilowati 850, jumla megawati 310, iliingia gridi 2018 na ikazinduliwa rasmi 2019. Pale upepo unabanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, unavuma kwa nguvu karibu mwaka mzima, ndo maana umeme unapatikana na ndo maana vyuma vinateseka. Kutoka bandari ya Mombasa ni kama kilomita 1,200, na ilibidi barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis itengenezwe upya ndo mizigo ifike. Sasa beringi ya giaboksi ikifa ghafla huko, spea haipo, kreni haipo, mtambo unasimama upepo unapita bure tu.

Hapo sensa inalipa, sina ubishi kabisa. Beringi ikipata kidonda kwenye njia ya gololi, kila gololi ikipita inagonga palepale, na ukijua idadi ya gololi, vipimo vya beringi na kasi ya shafti unapiga hesabu itagonga mara ngapi kwa sekunde, kwa hiyo ukiiona kwenye data unajua hata ni upande gani umeumia, wa ndani au wa nje. Ni kile kile anachofanya fundi wa gereji akiweka bisibisi sikioni kwenye injini, ila sensa inasikia mapema zaidi, wiki au hata miezi kabla, wakati joto la beringi bado halijapanda. Sharti moja, sensa isome maelfu ya mara kwa sekunde. Ule mfumo wa kawaida wa kuendesha mtambo unaotunza wastani wa dakika 10 hautakuonyesha kitu, mapigo yote yameshamezwa na wastani.

Tatizo linaanza tukitoka kwenye giaboksi kwenda kwenye mnara. Wanasema mnara una mtetemo wake wa asili, yaani idadi ya mara unazoyumba kwa sekunde ukisukumwa, ukipata ufa ugumu unapungua, mtetemo unashuka, kengele inalia. Kinadharia ni kweli. Lakini rota yenyewe, yaani mapanga na kitovu chake, inauyumbisha mnara, yaani ikizunguka mara 26 kwa dakika, mapanga matatu yanapita mbele yake mara 78, hiyo ni 1.3 kwa sekunde, na kasi ikibadilika na hizo namba zinabadilika, ukijumlisha joto, upepo na udongo uliolowa unajikuta na mabadiliko mengi ambayo hayana uhusiano wowote na ufa. Uswisi walilipima daraja la Z24 karibu mwaka mzima kabla ya kulibomoa 1998, lami ikiganda kwa baridi daraja linakuwa gumu na mitetemo yake inapanda waziwazi, bila kitu chochote kuharibika. Loiyangalani hakuna barafu, ila somo ni lilelile.

Na boliti ndo kabisa. Mkesha wa Krismasi 2015 mnara ulianguka Lemnhult, Uswidi, na uchunguzi ukaonyesha boliti za kuunganisha vipande vya mnara hazikuwa zimekazwa inavyotakiwa. Boliti chache zikilegea kati ya nyingi, mtetemo wa mnara mzima unasogea kidogo mno, unaweza usione kitu mpaka uchelewe. Anayepanda na spana anaiona siku hiyohiyo.

Watetezi wa sensa wana jibu zuri hapa na lazima nilitaje. Ukiwa na mitambo 365 ya aina moja, kwenye upepo wa eneo moja, huhitaji kuulinganisha mtambo na jana yake tu, unaulinganisha na ndugu zake wa mstari uleule, saa ileile. Joto likipanda linapanda kwa wote, lakini mmoja akianza kutetemeka peke yake hiyo ni habari. Nadhani hii ndo njia ya kuwekeza, kuliko kununua programu iliyofundishwa kwa data za mitambo ya baharini huko Ulaya. Ila kwa shamba dogo la mitambo mitatu, hao ndugu wa kulinganisha wanatoka wapi?

Kingine ni kengele za uongo. Fundi akipandishwa mnarani mara tano bure, ya sita anaizima kengele, na siwezi kumlaumu. Kwa hiyo mi ningefunga sensa kwenye giaboksi na jenereta za mitambo yote, minara nichague michache kwa kila mstari, data zibaki mikononi mwa wahandisi walioko pale pale, na ratiba ya spana isiguswe hata siku moja.