Kitunguu changu kimeenda maabara

Jamani leo nimekula maharage hayana kitunguu. Kitunguu nilinunua mwenyewe jana, kimoja, kikubwa, nikakipigia hesabu kabisa nusu jana nusu leo, nafika nyumbani shati limekunjamana nauliza naambiwa binti wa kidato cha kwanza kakibeba asubuhi, wana praktikali ya seli.

Nikamwita. Nikakaa kibaba, mguu juu ya stuli. Mama hebu njoo, yaani shule nzima mmekosa jani mpaka mchukue mboga yangu? Akajibu kwa adabu tu, baba, kitunguu kina kingozi laini, unakibandua, unakidondoshea iodini, ukichungulia kwenye hadubini unaona seli, vyumba vidogo vidogo vimepangana kama matofali, kila kimoja na ukuta wake na kiini ndani, kiini ndo kinatunza maelekezo yote ya seli. Sasa mimi form foo nilimaliza, nikakohoa, nikasema bila shaka mliziona na kloroplasti, zile za kijani zinazopika chakula kwa jua, kila mmea unazo. Kimya. Akafungua begi akatoa kipande kilichobaki kinanuka dawa ya kidonda, hata kukaanga hakifai. "Baba, si cheupe hiki? Kinakaa chini ya udongo, jua kitalipata wapi?" Mama yake huko jikoni kacheka mpaka mwiko ukaanguka.

Nikajitetea, basi kitunguu kina ukuta, sisi wanyama tuna mitokondria, vile vijiko vya ndani ya seli vinavyochoma sukari kutoa nguvu. Ah wapi. Mimea nayo inazo baba, jani likishapika sukari si lazima ichomwe kwa oksijeni ndo seli ipate nguvu? Hapo nikachoka kweli. Yaani kitunguu kina umeme wake wa ndani, halafu mimi hapa wapangaji sita luku moja na kuna mtu anapiga pasi saa nne usiku hachangii!

Na huyo Robert Hooke aliyeanza haya mambo, Mwingereza, mwaka 1665 alichungulia kipande cha kizibo. Kizibo! Hakugusa mboga ya mtu.

Ila nimeelewa kitu kimoja, konda anajua baiolojia. Seli zetu hazina ukuta, zina utando tu, laini, ndo maana anasema sogeeni nyuma kuna nafasi na kweli tunaingia. Tofauti ni kwamba utando unachagua nani apite, konda hachagui, jana kapakia mpaka mbuzi. Na yule mama wa mchicha anayeunyunyizia maji mchana kutwa, kumbe anajaza vakuoli, vile vifuko vya maji ndani ya seli, mchicha unasimama wima kama askari, ukifika kwangu umelala.

Kesho eti ni seli ya mnyama, watajikwangua ndani ya shavu kwa kijiti. Shavu ni lake, akwangue. Ila mayai nimeyahesabu, yako matatu.