Thanksgiving hii hapa, bado tunagombania paking

Jamani hii kero imenifika shingoni. Thanksgiving, sikukuu ya shukrani hapa Marekani, ni Alhamisi ya nne ya Novemba, yaani iko mlangoni, halafu kikao cha jumuiya yetu kimekula lisaa lizima kwa ishu ya nani kapaki gari nafasi ya nani na hela za msiba wa mwaka juzi, watu wazima wanatoleana maneno, wakati mama wa chumba cha chini ana watoto watatu na friji yake ina maji na nusu chupa ya tomato. Mmesahau Novemba 2025 serikali ilipofungwa kwa kukosa bajeti, hela ya chakula ya SNAP, ule msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, ikakwama, watu wakapanga foleni na watoto mgongoni? Hizo familia bado zipo! Na sio lazima bata mzinga wa sikukuu, wengi wetu hata hatumpendi, peleka mchele, maharage, mafuta, kuku mmoja, nepi. Mzee wa juu hana gari, mpe lifti akachukue boksi lake la chakula kanisani kabla hawajafunga. Paking tutaigombania Ijumaa, sasa nani ana gari kesho asubuhi?